Shemeji amehamishia mtumbwi Ukerewe: niende mahakamani au tusuluhishwe?

Mvuvi wa Igombe

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaomba ushauri wa wanaoifahamu sheria, na pia wa wale waliowahi kukaa katika vikao vya usuluhishi, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mwaloni (ufukweni tunakotia mitumbwi) ananijibu kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Mwaka 2021 mimi na kaka wa mke wangu tuliunganisha nguvu katika uvuvi wa dagaa. Yeye alikuwa na mtumbwi. Mimi nikaleta injini, nyavu na taa za sola, vyote vikiwa na thamani ya takriban shilingi milioni 14. Hatukuandikiana. Tulikubaliana kwa mdomo, mbele ya baba mkwe, kwamba kila giza likiisha, yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi tunapovua dagaa, tutatoa gharama za mafuta na chakula, tutawalipa wavuvi mgawo wao, kisha kitakachobaki tutagawana sawa kwa sawa. Kwa misimu kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Baadaye hesabu zikaanza kuja nusunusu, kisha zikakoma kabisa, na mwaka jana nikasikia kwa watu kwamba chombo kimeondolewa Igombe na sasa kinavua kutoka kambi moja huko visiwani Ukerewe. Leseni ya chombo iko kwa jina lake.

Wazee wa ukoo walituita. Shemeji alikiri kwamba ninamdai, akaahidi kuanza na milioni 6, tukapeana mikono, tukala pamoja, tukaachana kwa amani. Mpaka leo hajatoa hata senti. Mwanangu mkubwa ananitaka niende mahakamani, na baba mkwe ananisihi nisifanye hivyo kwa kuwa nitakuwa nimemshitaki mtoto wake na kuivuruga nyumba yangu mwenyewe.

Nasikia upo usuluhishi unaotambuliwa kisheria. Je, nani anaweza kuwasuluhisha watu wa aina yetu? Tukikubaliana huko, ni nini kitakachomzuia kufanya kama alivyowafanyia wazee? Na mazungumzo yakishindikana, yale nitakayokuwa nimekubali kuyasamehe hayatatumika dhidi yangu mbele ya hakimu?

---

Kijana wa Kayenze

Mkuu, mtu aliyehamisha chombo usiku bila kukuaga hana nia ya kusuluhishwa. Nenda mahakamani, chombo kizuiliwe, habari iishe. Usuluhishi ni wa watu wenye aibu.

---

Wakili wa Nyamagana

Ndugu mvuvi, nitakujibu kwa jumla, kwa sababu sijaona karatasi yoyote wala sijamsikia shemeji yako.

Kwanza niondoe dhana kwamba usuluhishi na mahakama ni njia mbili zinazopingana. Ibara ya 107A ya Katiba yetu inaziagiza mahakama zenyewe kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Tangu mwaka 1994 utaratibu wa mashauri ya madai umeweka hatua ya usuluhishi katika Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, na mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2019 yaliupa muda wa siku 30 kuanzia kikao cha kwanza ili usigeuke kuwa mahali pa kupotezea wakati. Kwa hiyo hata ukifuata ushauri wa kijana wetu wa Kayenze ukaenda kufungua kesi katika mahakama hizo, bado utaketishwa na shemeji yako mezani kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa. Asiyehudhuria kikao hicho bila sababu ya msingi anajiweka pabaya: mdai anaweza kufutiwa shauri lake, na mdaiwa anaweza kuondolewa utetezi wake.

Sasa, nani awasuluhishe? Sheria haikulazimishi kumtumia mtu wa aina moja. Lipo Baraza la Kata, ambalo chini ya sheria yake ya mwaka 1985 kazi yake ya kwanza ni kuleta amani katika eneo lake kwa kuwasuluhisha wanaogombana. Gharama yake ni ndogo na mawakili haturuhusiwi kumwakilisha mtu huko, jambo ambalo kwa mgogoro kama wako ninaliona kuwa faida. Wapo pia wasuluhishi wenye ithibati, ambao tangu mwaka 2021 wanasimamiwa kwa kanuni zilizo chini ya wizara yenye dhamana ya katiba na sheria. Hao hulipwa, na malipo yao inafaa yajulikane kabla hamjaketi. Na yupo mtu yeyote mnayemwamini nyote wawili. Aliye muhimu ni yule asiye na maslahi katika matokeo. Msuluhishi hana mamlaka ya kuamua nani mkweli na nani mwongo. Akianza kutoa hukumu, amekwisha kuiacha kazi yake.

Swali lako la pili ndilo zito. Kilichoshindikana kwa wazee si mazungumzo, maana mdaiwa alikiri deni na kiasi cha kuanzia kilitajwa. Kilichokosekana ni kitu cha kushika mkononi baada ya mikono kuachana. Makubaliano yakiandikwa na kutiwa saini na pande zote mbele ya mashahidi, yanakuwa mkataba, na mtu akiuvunja unamdai kwa mkataba huo bila kuanza upya kueleza habari za giza na mgawo. Usisahau kuulipia ushuru wa stempu, kwa sababu hati isiyolipiwa ina tabia ya kukataliwa siku unapotaka kuitumia kama ushahidi. Hatua iliyo na nguvu zaidi ni hii: shauri likiwa tayari limefunguliwa mahakamani, mnaiwasilisha hati ya maridhiano, hakimu anairekodi na inakuwa tuzo ya mahakama, yaani amri yenye nguvu ya hukumu. Hapo shemeji yako asipolipa, huanzi kesi. Unaomba kukazia tuzo, na mali yake inaweza kukamatwa. Tena tuzo iliyotokana na ridhaa ya pande zote haina rufaa kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwa hiyo isome mara mbili kabla hujatia saini, maana inakufunga wewe pia.

Kuhusu maneno yako kutumika dhidi yako: katika usuluhishi unaoendeshwa chini ya mahakama, yanayosemwa ni siri na hayapelekwi kwa hakimu atakayesikiliza kesi. Ukiwa nje ya mahakama, andikeni juu kabisa ya karatasi ya kwanza kwamba mazungumzo haya ni siri, yanafanyika bila kuathiri haki za upande wowote na hayatatumika kama ushahidi, kisha mtie saini. Kikao cha wazee wenu hakikuwa na sharti hilo. Wazee waliomsikia akikiri deni wanaweza kuitwa kuwa mashahidi wako, na sidhani kama shemeji analijua jambo hilo.

Jambo la mwisho kwa leo, ambalo watu wengi wenye haki zao wameangukia: mazungumzo hayasimamishi saa. Madai yanayotokana na mkataba, kwa kawaida, yana miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Kuahidiwa kila mwezi kwamba "nitakulipa giza lijalo" hakukuongezei hata siku moja. Lakini akikiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla muda haujaisha, hesabu ya muda inaanza upya tangu tarehe ya karatasi hiyo. Hata kama hamtakubaliana kitu kingine chochote katika kikao, karatasi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuketi.

---

Mama Dagaa Kirumba

Nimesoma kwa makini maelezo ya wakili, na nashukuru, ila ninaomba niongeze upande ambao huwa hausemwi na watu wa vitabu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni. Nimewahi kuketi kwenye usuluhishi, mimi na mteja mkubwa aliyenichukulia mzigo kwa mkopo, na ninaweza kueleza jinsi kikao kinavyoweza kuwa cha amani kabisa na bado mmoja akatoka ameonewa. Msuluhishi alikuwa mtu wa heshima, lakini alikuwa na haraka ya kuona tunapeana mikono. Kila nilipotaja kiasi halisi cha deni, aliniambia "Mama, punguza kidogo ili tupatane." Mwenzangu hakuambiwa aongeze kidogo. Nikaona kwamba aliyezoea kuvumilia ndiye anayeombwa avumilie tena, kwa kuwa ni rahisi kumwomba. Ninachokushauri, ndugu yangu, ni kuingia ukiwa umeandika chini, kabla hujatoka nyumbani, kiasi ambacho hutashuka chini yake hata baba mkwe akilia. Karatasi hiyo usimwonyeshe mtu.

La pili, ambalo naona hakuna aliyeliuliza: hizo milioni 14 zilitoka wapi? Huku kwetu fedha ya injini mara nyingi hutoka katika kikoba cha mke au katika mkopo ulioandikwa kwa jina lake. Ikiwa mkeo ana fedha yake ndani ya mtumbwi huo, basi si mgogoro wa wanaume wawili na baba mkwe wao. Ni dada anayemdai kaka yake. Mkiketi bila yeye, mtakubaliana vizuri sana juu ya fedha ambayo si yenu peke yenu, na siku atakapokataa kusaini, mtasema mwanamke ndiye aliyeharibu.

Na tafadhali usiende kituo cha polisi ili wamtishe. Nimeona watu wakikimbilia huko na madai ya fedha, mtu anawekwa ndani mpaka jioni, ndugu wanachangishana nusu ya deni, nusu iliyobaki haionekani tena na uhasama unabaki. Kama anayo kesi ya jinai kweli, iende kama jinai. Deni ni deni.

---

Mjumbe Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba kwa wadogo. Nilikuwa mjumbe wa Baraza la Kata upande huu wa Ilemela, na ningependa kumjibu huyu kijana aliyesema usuluhishi ni wa watu wenye aibu, kisha nimwambie mvuvi namna ya kujiandaa.

Mtu mwenye aibu husuluhishwa na ndugu zake, hahitaji baraza. Waliokuwa wakifika kwetu ni wale ambao aibu ilikwisha zamani. Kinachowaleta kwenye suluhu ni hesabu: anapiga gharama ya kwenda na kurudi, siku za kuahirishwa, na yale ambayo shahidi wa upande wa pili anaweza kuyasema hadharani, kisha anaona afadhali kukaa. Shemeji yako anavua kutoka kisiwani. Kila tarehe ya kesi ni nauli ya kivuko, ni chombo kukosa msimamizi, na ikiangukia wakati wa giza ni usiku mzima wa kazi uliopotea. Usimtishe kwa hilo. Analijua.

Nitoe mfano mmoja, bila majina. Majirani wawili waligombania mpaka wa shamba linaloteremka mpaka ziwani. Mmoja alidai mwenzake amehamisha mstari wa minyaa. Tulisikiliza pale ofisini mpaka tukachoka, kila mmoja ana mashahidi, kila mmoja ana babu yake aliyepanda minyaa hiyo. Tukaenda uwandani. Mwenyekiti wetu akawaomba kila mmoja atembee peke yake juu ya mpaka anaoujua yeye, na sisi tukafuata nyuma tukichomeka vijiti. Vijiti vya pande mbili vilitofautiana kwa hatua chache tu sehemu ya juu, lakini kule chini, karibu na maji, vilipishana kwa upana wa njia ya ng'ombe. Hapo tukaelewa kwamba shamba halikuwa na shida. Aliyelalamika alikuwa amefungiwa njia ya kunyweshea mifugo, na kwa kuwa njia haikuwahi kuandikwa mahali popote, aliona ajihami kwa kudai ardhi yote. Waliandikiana njia, minyaa ikabaki ilipo. Hakimu angelazimika kujibu swali lililoletwa kwake, yaani shamba ni la nani, na mmoja angelikosa shamba kwa sababu ya njia.

Kwa hiyo nakuuliza, ndugu mvuvi: wewe unataka nini hasa? Unataka fedha yako na mwachane, au unataka injini yako, au unataka ushirika uendelee kwa hesabu za wazi? Umeandika habari nzima na hukusema. Shemeji naye huenda ana lake: pengine mtumbwi ulitobolewa na wimbi akautengeneza kwa fedha yake, pengine wavuvi walimkimbia na mgawo. Kabla ya kikao, kusanya miamala ya simu aliyokutumia siku za mwanzo, kwa kuwa inaonyesha wazi kwamba mgawo ulikuwapo na ulikuwa wa kiasi gani. Tafuta risiti ya injini yenye namba yake. Na kama mwaloni kulikuwa na karani aliyeandika mapokezi ya mzigo, omba nakala.

Niseme pia, kwa faida ya wengine wanaosoma hapa, kwamba kwa migogoro ya ardhi mambo yalibadilika mwaka 2021. Baraza la Kata haliamui tena, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na bila hati hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea mgogoro wa umiliki, isipokuwa siku 30 zimepita bila Kata kumaliza kazi yake. Ndoa nazo zina mlango wake: kwa kawaida talaka haifunguliwi mahakamani kabla ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Na yapo mambo ambayo hayaketiwi kabisa. Mtoto akibakwa, hakuna suluhu ya ng'ombe wala ya fedha, hata ukoo mzima ukubali, na msuluhishi anayekaa kwenye kikao cha namna hiyo naye ana la kujibu.

---

Mvuvi wa Igombe

Nawashukuru sana, na Mama Dagaa amenigusa penyewe. Sehemu ya fedha ya injini ilikuwa mkopo wa kikoba cha mke wangu, na kwa kweli ndiye aliyeumalizia kulipa. Nilimsomea majibu yenu jana jioni. Alisema hataki kaka yake afungwe wala mtumbwi uuzwe, anataka injini irudi Igombe na fedha iliyobaki ilipwe kidogo kidogo, na kwamba atakuja kikaoni mwenyewe. Sikuwa nimemwuliza kabla ya jana.

Kwa hiyo tumekubaliana kujaribu usuluhishi kwanza. Baba mkwe amempigia shemeji simu, naye hajakataa, ila anapendekeza msuluhishi awe mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo anakovua sasa. Ni mtu mzima, anazijua hesabu za uvuvi kuliko mahakimu wote. Kuna ubaya gani? Na mkataba wenyewe uandikweje ili asipate mwanya?

---

Kijana wa Kayenze

Kama mama mwenyewe atakuwapo kikaoni, hapo nimekuelewa. Lakini fungua kesi hata hivyo, iwepo.

---

Wakili wa Nyamagana

Kijana hajakosea sana. Kama miaka 6 iko mbali, mnaweza kuketi kwanza. Kama inakaribia, fungua shauri, kisha mketi huku limeshafunguliwa. Madai ya kiasi chako, ambayo ni deni linalotokana na mkataba na hayazidi shilingi milioni 30, yanaweza kusikilizwa na Mahakama ya Mwanzo, ambako lugha ni Kiswahili na ambako hakimu akiletewa makubaliano anaweza kuyaandika kuwa amri ya mahakama.

Kuhusu mwenyekiti huyo, swali si umri wake wala ujuzi wake. Shemeji yako anavua katika mwalo anaousimamia yeye, na kesho baada ya kikao wataonana tena wakati wewe uko Igombe. Hata akiwa mwadilifu kabisa, wewe na mkeo hamtakuwa na utulivu, na suluhu inayokubaliwa na mtu asiye na utulivu haidumu. Mwiteni kama mtu wa kueleza hesabu: mtumbwi wa taa za sola unatumia mafuta kiasi gani kwa usiku mmoja, matengenezo ya kawaida ni yapi, mgawo wa wavuvi katika mwalo ule ukoje. Kuongoza kikao apewe mtu mwingine, na ningependa kikao chenyewe kifanyike mahali ambapo wote mnasafiri kidogo, pengine Mwanza mjini, ili asiwepo mwenyeji na mgeni.

Namna ya kuandika. Majina kamili ya pande zote, na mkeo awe upande wa wadai, si shahidi. Injini itajwe kwa aina na namba yake, kwa sababu "injini ya mvuvi" itakuwa injini nyingine siku ya kukabidhi. Andikeni nani ataitoa kisiwani, kwa gharama ya nani, na itakabidhiwa mbele ya nani. Kiasi cha deni kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na maneno kwamba mdaiwa anakiri deni hilo. Tarehe za malipo ziwe za kalenda. Msiandike "kila giza likiisha", kwa kuwa ziwa likichafuka au uvuvi ukisitishwa mtaanza ubishi mpya kama giza lilikuwapo au halikuwapo. Wekeni sharti kwamba akikosa awamu moja, baada ya siku mtakazokubaliana, deni lote lililobaki linadaiwa kwa pamoja. Malipo yapitie simu au benki ili yaache alama. Mwisho, wekeni wazi hatima ya ushirika: umekufa siku hiyo, au unaendelea kwa masharti gani. Hili watu hulisahau, kisha mwaka unaofuata mmoja anadai mgawo wa dagaa aliodhani ulikwisha.

Kiasi ambacho hutashuka chini yake, kama alivyosema Mama Dagaa, kipange na mkeo. Msuluhishi mzuri atazungumza na kila upande peke yake wakati fulani, na hapo atakuuliza. Unaweza kumwambia, kwa sharti kwamba hatamfikishia mwenzako bila ruhusa yako, au unaweza kunyamaza.

---

Mjumbe Mstaafu

Niongeze dogo tu. Siku ya kikao msile pamoja kabla karatasi haijasainiwa. Chakula kije baadaye.

---

Mvuvi wa Igombe

Nimeelewa. Mke wangu ndiye anayetunza risiti ya injini, na namba ipo. Tutamwambia shemeji kwamba mwenyekiti wake aje kueleza hesabu, na tutamwomba mchungaji mmoja wa mjini, ambaye shemeji mwenyewe ndiye aliyemtaja hapo mwanzo, atuongoze. Akikubali kuandika na kusaini, nitaipeleka hati Mahakama ya Mwanzo pamoja na shauri. Akikataa kuandika, nitapeleka shauri peke yake.